Uzi: Mjomba ana kisukari, sukari ikamshuka, akaletewa soda ya zero. Tuzungumze kuhusu hizi sukari mbadala

KiooChaSimu (mleta mada)

Wakuu, kwema?

Jumapili iliyopita tulikuwa kwa mjomba, Mbagala. Mjomba ana kisukari mwaka wa tisa huu na anachoma insulini, sindano ya kushusha sukari, asubuhi na jioni. Siku hiyo alichoma sindano yake, akanywa chai ya rangi na kipande cha muhogo, akawahi misa ya pili akijua saa tano atakuwa nyumbani anakula. Kumbe kulikuwa na harambee ya ujenzi. Mnazijua harambee za kanisani, "nani ana elfu hamsini, nani ana ishirini", mpaka waje wafike kwenye buku, jua limeshahama. Mjomba alirudi saa nane kasoro. Shati limeloa kama katoka kumwaga zege, mikono inatetemeka, anamwita mke wangu kwa jina la dada yake aliyefariki.

Binamu akapiga kelele: "Sukari imeshuka! Kimbieni mlete soda!" Mwanaye wa miaka 13 akachomoka, dakika mbili karudi na chupa ya baridi. Mjomba akanyweshwa yote. Tukasubiri. Dakika kumi, kimya. Robo saa, ndiyo kwanza macho yanalegea. Mashine ya kupimia sukari inasoma 2.7, iko chini sana. Nikaiokota ile chupa chini ya kiti nikaitazama. Soda ya zero, ile isiyo na sukari.

Nikamwangalia mtoto. Akasema, "Sasa babu si ana kisukari? Nikaona nisimletee yenye sukari."

Hata sikuweza kumgombeza. Miaka yote sisi wakubwa tumemwimbia kwamba babu na sukari ni mbalimbali, hakuna aliyewahi kumwambia kuna siku sukari ndiyo dawa. Tukakoroga vijiko vinne vya sukari kwenye nusu kikombe cha maji, na kwa kuwa mjomba alikuwa bado anameza, akanywa. Robo saa baadaye mashine ikasoma 4.6. Muda si mrefu akaanza kuuliza mbona mezani hakuna chakula.

Mimi nilisoma sayansi ya chakula pale SUA, chuo kikuu cha kilimo, Morogoro. Kwa sasa nabadilisha vioo vya simu Kariakoo, msinicheke, maisha ni kutafuta. Ila nilivyorudi nyumbani usiku ule nikajiuliza: ni nyumba ngapi Dar hii zina pakiti au kikopo cha utamu wa bandia mezani na hakuna anayejua kilichomo? Ndiyo maana nimeandika.

Kwa lugha ya mtaani, hivi vitamu ni kama ile meseji ya matapeli: "Umepokea Tsh 200,000 kutoka kwa..." Simu imeita, meseji umeisoma, moyo umefurahi, ukiangalia salio liko vilevile. Ulimi una sehemu zake za kutambua utamu, na hizi kemikali zinazigusa kama sukari inavyozigusa, pengine kwa nguvu zaidi. Lakini kwenye damu haiingii glukosi, ile sukari inayopimwa na mashine. Vitamu vyenyewe viko vya aina nyingi: sakarini na asesulfamu zinapita na kutoka kwenye mkojo kama zilivyoingia. Sukralosi sehemu kubwa haifyonzwi kabisa, inaishia chooni. Aspatamu ndiyo inayovunjwavunjwa tumboni, ila kiasi chake ni kidogo mno.

Na hapo kwenye kiasi ndipo penye siri. Aspatamu, gramu kwa gramu, ina kalori 4 sawasawa na sukari. Wengi hawalijui hilo. Tofauti ni kwamba ni tamu kama mara 200 ya sukari, kwa hiyo panapohitajika kijiko kizima cha sukari, yenyewe inawekwa chembe. Asesulfamu nayo ni kama mara 200, sakarini mara 300 hadi 400, sukralosi kama mara 600.

Sasa hii nawapa kama kachumbari tu. Karibu vyote hivi vimegunduliwa na watu wachafu. Constantin Fahlberg, mwaka 1879, yuko maabara ya Ira Remsen kule Baltimore, Marekani, katoka kazini hajanawa, kashika mkate nyumbani, mkate mtamu ajabu. Hiyo ndiyo sakarini. Mwaka 1965 James Schlatter anatafuta dawa ya vidonda vya tumbo, kalamba kidole ili achukue karatasi, kakutana na aspatamu. Miaka miwili baadaye Karl Clauss, Mjerumani, naye kalamba kidole, ikapatikana asesulfamu. Sukralosi ndiyo inanimaliza: mwaka 1976 kule London mwanafunzi anaitwa Shashikant Phadnis aliambiwa aipime ile kemikali, yeye akasikia aionje. Kwa Kiingereza maneno hayo, "test" na "taste", yanakaribiana. Akaionja, akapona. Mwalimu wetu wa maabara pale SUA angewafukuza wote siku ya kwanza.

Ulizeni maswali, ninalolijua nitalijibu.

Shabiki Mtazamaji

Nimetandika mkeka siti ya mbele. Pole kwa mjomba, mkuu.

SistaWaZamu

Mleta mada ahsante, mimi ni muuguzi, naomba niongezee hapo pa kushuka kwa sukari kwa sababu ndipo panapoua haraka.

Mashine ikisoma chini ya 4 na mgonjwa anajitambua, mpe sukari kama gramu 15. Hiyo ni vijiko vidogo vitatu vilivyojaa au vinne vya kupangusa, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Subiri dakika 15, pima tena. Bado chini? Rudia. Ikipanda, ale chakula cha kueleweka, maana ile sukari ya haraka haikai. Kama hajitambui, TAFADHALI usimmiminie kitu mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu, tafuta usafiri.

Na mjue dawa za mgonjwa wenu. Anayetumia metformini peke yake ni nadra kushuka. Insulini, pamoja na vidonge vya jamii ya glibenklamaidi, ndivyo vinavyoshusha, hasa mtu akichelewa kula. Mzee akichoma sindano asubuhi halafu akaenda msibani au kwenye foleni, awe na kitu mfukoni.

KiooChaSimu

Sista, ubarikiwe. Sisi tulitumia vijiko vinne kwa kubahatisha.

Mkwe wa Mtu

Mkuu nina swali la nyumbani. Mama mkwe amehamia kwetu Kinyerezi, ana kisukari cha ukubwani. Tunamnunulia vile vidonge vidogo vya kwenye chai, vile vya kikopo unabonyeza kinadondoka kimoja. Hagusi sukari kabisa mwezi wa nne huu. Kliniki kila akienda sukari iko juu, juzi 13. Mke wangu anasema vidonge ni feki. Je kuna namna ya kujua orijino?

KiooChaSimu

Mkuu, kabla ya ufeki, nijibu mambo mawili. Anavitumiaje? Na chai hiyo anainywa na nini?

Mkwe wa Mtu

Nimemuuliza mke wangu jioni hii. Chai mara tatu kwa siku. Asubuhi na chapati mbili, jioni na mihogo au maandazi. Halafu mke wangu kaniambia kitu nimebaki mdomo wazi: mama akila wali mwingi siku ya shughuli, anaongeza kidonge kimoja kwenye chai "ili kiikate sukari".

KiooChaSimu

Ndugu yangu, hapo hakuna feki. Mama anavihesabu kama dawa! Na simlaumu. Vinauzwa duka la dawa, viko kwenye kabati moja na dawa, vinaitwa vidonge, na vimeandikwa neno kisukari. Ningekuwa mimi ningeamini hivyohivyo.

Mwelezeni taratibu, na aongee mtu anayemheshimu: kile kidonge hakishushi chochote. Kazi yake ni kuifanya chai iwe tamu bila kupandisha, basi. Akiongeza vitano, chai itakuwa tamu mpaka ichukize na sukari ya damu itabaki palepale.

Halafu tupige hesabu ya duka. Tuseme zamani alikuwa anaweka vijiko viwili kwa kikombe, vikombe vitatu, hivyo ni vijiko sita, kama gramu 24 za sukari kwa siku. Amezitoa, hongera kwake, si kidogo. Sasa geukia sahani. Unga wa ngano gramu 60, ambao ni chapati moja ya mtu mwenye mkono mzuri, una wanga wa gramu 45 hivi, na wanga huo tumboni unageuka glukosi. Chapati mbili, gramu 90. Yaani asubuhi peke yake anakula karibu mara nne ya kile alichokitoa kwenye chai ya siku nzima. Muhogo hatujaugusa, wali hatujaugusa.

Hii ndiyo sababu hasa iliyonifanya nianzishe uzi, nje ya mambo ya mjomba. Watu wa mji huu tumeihamishia vita yote kwenye kijiko cha chai. Mgeni mwenye kisukari akija, tunakimbilia kuuliza "chai yako niweke sukari?", akisema hapana tunajiona tumemtunza, kisha tunampakulia mlima wa ubwabwa. Apunguze chapati ibaki moja, aongeze maharage na mboga, na mkamwone mtaalamu wa lishe wa kliniki anakotibiwa. Dawa zake asizibadilishe kwa kusoma uzi wa muuza vioo.

Mkwe wa Mtu

Nimekuelewa sana. Tatizo chapati anapika mwenyewe na hataki kusaidiwa 😂

Mzee wa Kijiwe

Nyinyi vijana mnapigia debe sumu za wazungu. Hiyo aspatamu wenyewe wameshatangaza inaleta saratani. Babu zetu walitafuna miwa, wakalamba asali, wakafika miaka tisini na meno yote. Mimi kijiweni kwetu nakunywa kahawa chungu na kashata yangu moja, hamnidanganyi.

KiooChaSimu

Shikamoo mzee. Kahawa chungu bila sukari ndiyo kinywaji bora kuliko vyote tulivyovitaja humu, hapo umetupiga goli. Kashata tutaizungumza siku nyingine.

Kuhusu saratani, kilichotokea ni hiki. Julai 2023 kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kiliiweka aspatamu kundi la 2B, maana yake "huenda inasababisha", ushahidi wake ni mdogo. Orodha ile inapima kama kuna uhakika kitu kinaweza kuleta saratani, haipimi ukubwa wa hatari yake. Kwenye orodha hiyohiyo nyama nyekundu iko juu zaidi, 2A, na pombe iko kundi la kwanza kabisa, lile la uhakika. Sijaona kijiwe kilichofungwa kwa ajili ya hiyo.

Wakati uleule kamati nyingine, ile inayopanga viwango vya viongezwa vya chakula, ilipitia ushahidi na kuacha kiwango kilekile: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku. Wenyewe walitoa mfano wa mtu wa kilo 70. Ili avuke, anywe kati ya kopo 9 na 14 za soda ya zero kila siku, kama hapati aspatamu kwingine. Mtu anayekunywa kopo 14 za chochote kwa siku ana shida nyingine.

Sakarini nayo ilipitia humohumo. Panya walipata uvimbe kwenye kibofu, Marekani kuanzia 1977 ikalazimisha onyo kwenye pakiti. Baadaye ikaonekana yanayotokea kwenye mkojo wa panya dume hayatokei kwa binadamu, na mwaka 2000 onyo likaondolewa.

Wapo wasiotakiwa kabisa kugusa aspatamu: wale waliozaliwa na ugonjwa ambao mwili hauwezi kuvunja fenilalanini, kitu kinachotoka ndani ya aspatamu. Ni wachache sana, ila ndiyo maana ya yale maandishi madogo ya onyo kwenye chupa.

Mzee wa Kijiwe

Marahaba. Umejibu kwa adabu. Kashata haiguswi.

Mtoto wa Tabora

Mbona hamjagusa asali? Sisi kwetu nyuki ndiyo kwao. Mgonjwa wa kisukari atumie asali mbichi, sukari ya asili haina madhara. Na sukari guru pia.

KiooChaSimu

Mkuu, asali ya Tabora naiheshimu, nina lita moja ndani sasa hivi. Lakini kwa kisukari hapana, haihesabiki kama mbadala. Asali karibu asilimia 80 yake ni sukari. Na kuna mtego hapa: asali ni nzito. Kijiko kidogo cha asali kina uzito wa gramu 7 hivi, ndani yake sukari inakaribia gramu 6. Kijiko hichohicho cha sukari ya dukani, cha kupangusa, ni gramu 4. Kwa hiyo mwenye kubadilisha kijiko kwa kijiko ameongeza! Faida yake moja ni kwamba ni tamu zaidi, ukiwa na nidhamu unaweza kuweka kidogo.

Sukari guru ni juisi ya muwa iliyochemshwa ikakauka. Ile ya rangi ya kahawia kutoka viwandani kwetu ni sukari. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi hapa mtaani kwangu, glasi ya mililita 300 haipungui gramu 30. Tamu, naikubali, nainywa Jumamosi. Mwili ukishaifyonza haukumbuki ilitoka shambani au kiwandani.

Binti Upanga

Kaka mimi natumia stevia, nanunua supamaketi, pakiti inafika elfu ishirini na kitu. Niliambiwa ndiyo salama maana ni majani tu.

KiooChaSimu

Dada, nenda jikoni, igeuze hiyo pakiti, niandikie kitu cha kwanza kwenye orodha ya viambato. Vinapangwa kwa uzito, cha kwanza ndicho kingi.

Binti Upanga

Nimeangalia. Cha kwanza imeandikwa erythritol, stevia iko ya MWISHO. Nimeibiwa?

KiooChaSimu

Hujaibiwa, umeuziwa jina. Stevia safi ni tamu mara 200 hadi 300 ya sukari, huwezi kuichota kwa kijiko, kwa hiyo wanaichanganya na kitu cha kujazia. Hapo wamejazia erithritoli. Wengine hujazia dekstrosi au maltodekstrini, ambazo zenyewe zinapandisha sukari ya damu. Kwenye kijipakiti kimoja ni kidogo, usiogope, ila anayemimina vijipakiti kumi kwa siku aanze kuhesabu. Na sheria ya lebo za Marekani inaruhusu kuandika kalori sifuri kama kipimo kimoja kiko chini ya kalori 5. Sifuri za pakiti si sifuri za hesabu.

Stevia yenyewe asili yake ni Paraguay, Waguarani, wenyeji wa huko, walikuwa wanaitumia kutia utamu vinywaji vyao zamani sana. Siku hizi inalimwa hata hapa jirani Kericho, Kenya. Kinachokubalika kimataifa ni ile iliyochujwa na kusafishwa.

Erithritoli haina kalori za maana, lakini mwaka 2023 watafiti wa Cleveland Clinic, hospitali ya Marekani, walitoa utafiti ulioonyesha kwamba watu wenye kiwango kikubwa cha kitu hicho kwenye damu walipata zaidi mshtuko wa moyo na kiharusi. Mwili wenyewe nao huitengeneza, kwa hiyo utafiti ule haujamaliza ubishi kama ndiyo chanzo au ni dalili. Mimi ningekuwa na ugonjwa wa moyo ningeiweka pembeni kwa sasa. Ndugu zake, sorbitoli na zailitoli, zina kalori zaidi ya nusu ya sukari, na ukizidisha, utalala chooni. Aliyekula pakiti nzima ya peremende zisizo na sukari anajua ninachosema. Wenye mbwa, bablishi zenye zailitoli ziwekeni mbali, kwa mbwa ni sumu kweli.

Mama Maandazi

Jamani mimi naomba kusaidiwa kibiashara. Nakaanga maandazi Tandale, nina wateja watu wazima wananiomba niwatengenezee ya "wagonjwa". Mwaka 2024 mwanzoni sukari ilivyoadimika na kilo kupita elfu nne, kuna mtu alinishauri niweke vile vidonge vya chai. Nilijaribu kundi moja. Yalitoka meupeee kama wagonjwa wenyewe, na hayakuwa na utamu wowote. Nilikosea wapi?

KiooChaSimu

Mama, pole, nimecheka hapo kwenye "meupeee". Hukukosea kukanda. Kama vidonge vilikuwa vya aspatamu, moto umeiharibu. Aspatamu haitaki joto, utamu unapotea. Hata soda ya zero iliyoanikwa juani mbele ya duka siku nzima kwa jua letu hili huwa inapooza utamu, msidhani ni gesi tu. Sukralosi na stevia ndizo zinazovumilia moto.

Weupe ni jambo jingine. Sukari kwenye andazi haiko kwa ajili ya utamu peke yake, inasaidia ile rangi ya kahawia na ulaini. Ukiitoa lazima andazi libadilike sura.

Ila mama, nisiwe mnafiki, hata ukifanikiwa, hilo andazi lina unga wa ngano na limeogelea kwenye mafuta. Ukiwaambia ni "ya wagonjwa" watakula manne badala ya mawili. Waambie ukweli, uwapikie madogo. Au waongezee maharage pembeni, utauza vyote viwili.

Mama Maandazi

Maharage ninayo. Ahsante baba.

Kibonge wa Kimara

Mimi sina kisukari, nina kitambi. Nimeacha soda za kawaida nakunywa zero tatu kwa siku, gym siku nne. Kuna jamaa kasema Shirika la Afya limekataza. Nifuate lipi?

KiooChaSimu

Halijakataza, limeshauri. Mei 2023 walitoa mwongozo kwamba hivi vitamu visitumike kama njia ya kupunguza uzito. Walisema wenyewe ni ushauri wa masharti, na haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Kwa hiyo mnaowasomea wagonjwa ule mwongozo, mnaupeleka nyumba isiyo yake.

Sababu yao ni kwamba majaribio ya muda mfupi yanaonyesha anayebadilisha soda ya sukari kwa zero anapungua kidogo, lakini tafiti za miaka mingi hazioni faida hiyo ikidumu, na watumiaji wanaonekana kupata zaidi kisukari na magonjwa ya moyo. Hapo ndipo panapoleta ubishi. Ukihesabu wanaotembelea magongo, utakuta wengi miguu inawauma, na si gongo lililowaumiza. Wanene na wanaoogopa kisukari ndio wanaokimbilia zero. Wameliona hilo, ndiyo maana wakaliita la masharti.

Kwako: soda ya kawaida ya chupa ya mililita 350 ina sukari gramu 35 na ushee, yaani vijiko tisa. Tatu kwa siku ni vijiko 27, wakati Shirika linataka sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku, ikiwezekana 25. Kwa hiyo umetoka motoni, sitakurudisha. Ila swali langu ni moja: baada ya zero, unajizawadia nini?

Kibonge wa Kimara

...chipsi mayai. Mkuu umeweka kamera kwangu?

KiooChaSimu

Sote tuko hivyo. Punguza zero iwe moja, nyingine iwe maji. Ulimi wenyewe unazoea, mimi nilishuka kutoka vijiko vitatu hadi nusu, ilinichukua kama miezi miwili ya kununa.

Mwalimu wa Darasa la Tatu

Watoto wangu shuleni wanakunywa zile juisi za unga za pakiti za bei ndogo. Nyuma zimejaa namba. Zina maana gani?

KiooChaSimu

Mwalimu, piga picha kwa simu uikuze, maana maandishi yale yameandikwa kwa ajili ya sisimizi. Tafuta herufi E na namba: 950 ni asesulfamu, 951 aspatamu, 952 siklamati, 954 sakarini, 955 sukralosi, 960 stevia. Siklamati Marekani waliipiga marufuku tangu miaka ya 1969 na 1970, nchi nyingine nyingi bado inaruhusiwa.

Kinachonikera mimi ni kwamba nyingi zina vyote viwili, sukari na vitamu, ili gharama ishuke. Halafu mtoto uzito wake mdogo, kiwango chake kinafikiwa mapema kuliko cha mtu mzima. Na anakua akijua maji ni lazima yawe na ladha. Kama kamati ya shule inaweza kuweka ndoo ya maji safi yenye koki, ingesaidia kuliko maelezo yangu yote haya.

SistaWaZamu

Mleta mada, hujatuambia mjomba anaendeleaje.

KiooChaSimu

Mzima kabisa. Jana nilipita. Anatembea na pakiti ya glukosi kwenye mfuko wa shati, na kwa paroko ameomba ruhusa ya kutoka kabla ya harambee, sasa sijui kama ni ugonjwa au ni ujanja.

Kwenye friji binamu amezibandika plasta chupa mbili na kuziandika kwa peni. Ya zero: YA KILA SIKU. Ya kawaida: YA KUSHUKA, WATOTO MSIGUSE. Hiyo ya kushuka ni ya tatu tangu Jumapili. Zile mbili za mwanzo hakuna aliyeshuka.